Rili ya Kwenda Nayo Lindi

Jumatatu, 8 Novemba 1976. Iyunga.

Mvua tangu alfajiri. Chaki imelowa, haiandiki. Nimeita majina ya darasa la sita, wameitikia wasichana wanne na Osia mwenye mguu mbovu. Nikauliza wenzao wako wapi. Wakatazama chini. Najua maana yake. Wako shambani kwa Mwalimu Mkuu.

Shamba la shule liko nyuma ya vyoo, limeota magugu. La kwake liko ng'ambo ya uwanja wa mpira, na matuta yake yamenyooka vizuri mno kwa mtu ambaye sijawahi kumwona ameshika jembe. Mwaka jana nilimwambia faragha. Alicheka, akanikaribisha chai.

Leo nimekwenda kuwachukua. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nimesimama kwenye tuta nikasema darasa la sita wote watoke na majembe yao, tuna hesabu. Walisita. Halafu msichana mmoja akajifuta matope kwenye sketi akaanza kutembea, wengine wakafuata. Tumefanya hesabu za sehemu mpaka kengele ya mchana. Sakafu yote matope.

Nimechoka. Sijutii.

Jumanne, 9 Novemba

Ameniita ofisini. Hakunipa kiti. Amesema nimemvunjia heshima mbele ya watoto. Kwamba siielewi elimu ya kujitegemea. Kwamba hata kuandika kwangu ubaoni kwa mkono wa kushoto kunaharibu watoto. Nilimjibu kwamba watoto wanajitegemea wakila walichopanda, na mahindi yale hawajawahi kuyaonja.

Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu Yustina, wewe mtu wa milimani. Joto unaliweza?"

Sikulielewa swali. Nimetoka.

Ijumaa, 19 Novemba

Sasa nalielewa. Uhamisho umefika. Lindi, kuanzia Januari.

Chumba cha walimu kimekuwa kama msibani. Mwalimu Atupele, jirani yangu wa nyumba na rafiki yangu wa kweli hapa, amelia. Wengine wamenihesabia balaa: mbu, joto, barabara inayokatika masika. Mmoja akaniuliza nitakula nini huko, maana ndizi na viazi kama vya huku sitaviona. Nikasema samaki. Akauliza nani atanipa.

Nikasema, "Nitavua mwenyewe."

Wakacheka. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Bahari sijaiona hata siku moja. Nimezaliwa Igowole kwenye ukungu, na maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni ni bwawa la kiwanda cha chai. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, na yeye hakucheka. Alikuja ili anione nikilia.

Basi nitavua. Nimeshasema.

Jumamosi, 20 Novemba

Bwana Hashimu, dresa wa zahanati, ni mtu wa Lindi. Yuko Mbeya tangu kabla sijaja na bado anavaa makoti mawili. Nimemkuta anaota jua. Nilipomwambia nahamishiwa kwao alifurahi. Mtu wa kwanza kufurahi.

Nilipomwambia nataka kuvua, furaha ikapungua. Wanawake wa kwao, anasema, hushuka maji yakitoka, na kijiti, wakachokoa pweza kwenye mawe. Mshipi na chombo ni mambo ya wanaume. Nikamwuliza kama kuna sheria. Akafikiri. Akasema sheria hakuna, ila yeye hajaona.

Halafu mwenyewe akanipa njia. Ujanani alikuwa akimbebea kikapu bwana mmoja wa forodha aliyevua akiwa amesimama mchangani. Alikuwa na ufito mrefu, na chini yake mashine ya kukunjia mshipi. Rili. Alilirusha chubwi, kile kitu kizito cha kuzamishia mshipi, mpaka nyuma ya pale mawimbi yanapovunjika, samaki walipo. Hakuhitaji chombo wala mtu wa kumpakia. Hilo limenipendeza sana.

Akanichorea chini kwa kijiti. Uzi unakaa kwenye bobini, lakini bobini haizunguki. Ukirusha, uzi unachomoka wenyewe kwa mbele, mizunguko mizunguko. Ukizungusha mkono wa rili, kuna kitu kinachouzungukia uzi na kuurudisha juu ya bobini. Nina cherehani, nimemwelewa upesi. Akanionya juu ya rili ndogo za kuvulia mitoni. Bahari, anasema, inakula chuma kama mchwa anavyokula mlango.

Jioni nimemweleza Atupele. Ameniuliza kama ninaumwa.

Alhamisi, 25 Novemba

Ameniita tena. Leo kiti kipo. Amesema uhamisho unaweza kurudishwa, ana mtu wa kuzungumza naye mkoani. Anachotaka ni kidogo tu: niombe radhi asubuhi, mstarini, mbele ya walimu na wanafunzi. Niseme nilikosea kuwatoa watoto kazini.

Niliuliza kama watoto wataacha kupelekwa shambani kwake. Akasema hayo hayanihusu.

Nikamwambia nashukuru, lakini Januari nina kazi Lindi, na kabla ya hapo natafuta rili. Akauliza rili ni nini. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, na bobini isiyozunguka. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na hajui nani kampiga.

Usingizi umekataa, ndipo naandika haya. Si woga tu. Ni furaha pia.

Ijumaa, 3 Desemba

Shule imefungwa. Madukani Mbeya nimezunguka kote. Ndoana zipo, mshipi wa kushika mkononi upo. Rili hakuna. Muuza baiskeli amesema niende Iringa, kuna duka lililokuwa linawauzia mabwana wa mashamba ya chai.

Mwalimu Mkuu ametangaza zamu za likizo. Watoto watakuja kwa makundi kufanya kazi za shamba. Hakusema shamba gani.

Jumapili, 5 Desemba. Igowole.

Basi mpaka Mafinga, halafu lori la mbao. Mama amenipokea kwa kamwene, salamu ya kwetu, na ugali wa moto, kisha akaanza. Habari zilishamfikia. Anataka niombe radhi. Anasema kuomba radhi hakuumizi meno. Anasema Lindi nitakufa kwa homa na hakuna atakayejua wapi pa kunizika. Analia huku anapuliza moto, sijui lipi ni moshi na lipi ni machozi.

Nimemsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia siendi kuomba radhi. Akanyamaza. Ananyamaza vibaya Mama.

Inaniuma kumwumiza. Lakini nikimkubalia yeye, nimemkubalia na yule.

Jumanne, 7 Desemba. Iringa.

Nimefikia kwa binamu yangu. Duka nimelipata. Lina giza na linanukia mafuta ya taa na ngozi. Mwenyewe, Bwana Karimu, ni mzee wa Kihindi aliyevaa sweta la kijani. Aliponisikia akauliza mume wangu anavulia wapi. Nikasema mume hayupo, anayevua ni mimi. Kaka, je? Nikarudia. Akafungua kabati la kioo.

Ana rili tatu, mabaki ya zamani. Hategemei kupata nyingine.

Ya kwanza ni ndogo, nyeusi, nyepesi. Ndiyo aliyonipa mkononi haraka. Akasema hii inafaa wanawake. Ni ya samaki wa vijito vya Mufindi. Nikamwambia samaki wa kijito hawapigwi na mawimbi. Nikairudisha.

Ya pili ndiyo iliyonipumbaza. Inang'aa kama sahani ya sikukuu. Ukizungusha haitoi sauti. Ina waya uliopinda kama mkono wa ndoo. Waya huo unaufungua ukitaka kurusha, na ukizungusha unajifunga wenyewe, tap, na kuukamata mshipi. Nimeufungua na kuufunga mara nyingi kama mtoto. Kasoro niliyoiona upesi ni moja. Mkono wa kuzungushia uko kushoto. Maana yake ushike ufito na urushe kwa mkono wa kulia. Mimi narusha kwa kushoto. Bwana Karimu akasema nitazoea.

Mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa nikiwa mdogo ili nile kwa kulia. Shuleni walinichapa vidole. Nimezoezwa vya kutosha.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya boksi la taa. Ya kijivu, nzito, mbaya kwa sura. Bobini yake ni pana kama kikombe cha chai. Mkono wake uko kulia. Waya wa kukamatia mshipi haupo, umekatwa, kimebaki kigurudumu kidogo tu pembeni. Bwana Karimu akasema hiyo ni mbovu, ipo ipo tu. Kila aliyeijaribu aliona mkono uko upande usio wake. Bwana aliyeiagiza alirudi kwao kabla hajaichukua.

Sikununua. Nimerudi kwa binamu nikiwa na hasira na sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 8 Desemba

Asubuhi nimejisema ukweli. Ile inayong'aa naitaka kwa sababu nataka waione Iyunga. Nataka nipite nayo mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu ikimetameta. Huo ni ujinga. Yeye hatakuwapo Lindi. Chumvi itakuwapo.

Nikarudi dukani. Nikaomba bisibisi. Bwana Karimu alisita, akanipa. Tumefungua ubavu wa ile nzuri pale mezani. Gia zake ndogo, laini, na vichwa vya skrubu vimeshaanza kutu humu humu kabatini, Iringa, pasipo chumvi wala maji. Tumefungua na ile ya kijivu. Gia nene, grisi ya zamani imekauka, kutu hakuna. Mkono wake unazunguka polepole. Nilifunga mshipi kwenye debe la misumari, nikamwomba alisogeze sakafuni mpaka mlangoni, nikalivuta kwa kila moja. Ile nzuri ilikwama, nikawa nasukuma mkono kwa bega. Ya kijivu ililileta debe taratibu bila kelele.

Nikauliza habari ya waya uliokatwa. Alidhani nalalamika, akataka kunipunguzia. Lakini Bwana Hashimu alinieleza kwamba yule bwana wa forodha aliukata waya wake mwenyewe. Ukirusha kwa nguvu, waya unaweza kujifunga katikati ya safari, mshipi ukakatika, na chubwi likaenda zake peke yake. Bila waya unaudaka mshipi kwa kidole na kuuweka kwenye kigurudumu. Nilipomweleza hivyo Bwana Karimu aliiangalia ile rili upya, kama mgeni aliyekaa naye miaka bila kumwuliza jina.

"Basi aliyeiagiza alijua anachokitaka," akasema.

"Na mimi najua," nikasema.

Nikainunua. Akanijazia mshipi mwenyewe. Aliupitisha kwenye kitambaa kibichi ili ukaze, akajaza mpaka karibu na ukingo wa bobini. Ukibaki chini, anasema, unasugua ukingo na hauendi mbali. Ukizidi, unamwagika wote kama tambi. Akanionyesha namna ya kuuning'iniza kwenye ncha ya kidole kabla ya kurusha. Aliponyoosha kidole cha kulia nikanyoosha cha kushoto, akacheka kidogo, akabadilisha mkono ili tufanane.

Mikono yangu inanuka grisi. Rili nimeiweka chini ya mto nilale nayo, na sioni haya kuandika hivyo.

Ijumaa, 10 Desemba. Igowole.

Mama hajasema nami tangu nirudi kutoka Iringa. Asubuhi nilichukua panga kwenda kukata mwanzi wa ufito. Nilikuwa nimeuchagua mmoja mrefu wa kijani. Akatokea nyuma yangu, akaninyang'anya panga. Akasema ule umejaa maji, ukikauka utapasuka. Akaingia kichakani, akagonga mmoja mmoja na kusikiliza, kama anavyofanya akitafuta wa kugema ulanzi, pombe ya mwanzi. Akatoka na mmoja uliokaukia hapo hapo, mwembamba nchani, mgumu shinani. Akaukausha zaidi juu ya moto mchana kutwa, akiugeuza.

Mjomba ametengeneza pete za waya, tumezifunga kwa uzi wa viatu na gundi. Rili tumeikaza kwa mikanda ya mpira.

Mama bado hakubali. Kasema hivyo. Kasema ameukata yeye kwa sababu mimi ningekata mbovu. Nimekubali sababu hiyo.

Jumanne, 14 Desemba. Iyunga.

Kondakta alikataa ufito ndani ya basi. Umesafiri juu, umefungwa na mikungu ya ndizi.

Nimeanza mazoezi uwanja wa mpira. Chubwi sina, nimefunga nati ya lori. Mara ya kwanza nati imeangukia nyuma yangu. Mara ya pili nimeachia kidole mapema, imepaa juu kama bomu na kuteremka karibu na kichwa changu. Mshipi umefungamana, nimekaa kwenye nyasi kuufungua mpaka mvua ikaja. Watoto wanatazama. Atupele anatazama dirishani. Nadhani anasali.

Kidole kinavuja damu. Kesho nitakifunga kitambaa.

Alhamisi, 16 Desemba

Niandike yote, nisisahau.

Asubuhi nilikuwa uwanjani. Nati ilikuwa imeanza kunitii. Unarudisha ufito nyuma, unangoja kidogo, unasukuma na kuvuta kwa pamoja, kidole kinaachia chenyewe. Ikianguka mbali inatoa mlio mdogo, na huo mlio nimeupenda.

Mwalimu Mkuu akaja. Akasema uwanja ni wa michezo ya wanafunzi. Nikasema shule imefungwa. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, mbele yangu hasa, akasimama na mikono nyuma. Alijua siwezi kurusha mahali aliposimama mtu.

Nikakunja mshipi wote. Nikageuka, nikampa mgongo. Upepo ulikuwa unatoka kwake. Nikarusha kwa hasira zangu zote, na nati ikaenda kuliko siku nyingine yoyote. Ikavuka uwanja, ikavuka mfereji, ikatua ndani ya mahindi yake.

Sikukusudia. Nasema kweli. Watoto walicheka viganjani.

Nilipovuta ikakwama. Nikalaza ufito chini, nikafuata mshipi mpaka shambani. Mahindi yamefika magotini, na ndani yake kulikuwa na watoto wa darasa la tano wanapalilia. Ndiyo zamu ya likizo. Mmoja, Tusekile, mdogo kuliko mpini aliokuwa ameushika, alikuwa ameshaifungua nati kwenye bua, akaninyooshea kwa mikono miwili kwa adabu.

Nikawaambia waende nyumbani, likizo ni yao. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshafika nyuma yangu.

"Atakayeondoka nitamjua," akasema.

Hakuondoka hata mmoja. Siwalaumu. Mimi naenda Lindi, wao wanabaki naye.

Kwa hiyo nilichukua jembe la Tusekile. Nikamwambia Mwalimu Mkuu zamu ya mtoto huyu naifanya mimi, mtoto aende nyumbani. Nikaanza kupalilia. Tusekile alisimama, akamtazama Mwalimu Mkuu, akanitazama, akakimbia. Nilipomaliza tuta lake nikachukua jembe la aliyefuata. Mwalimu Mkuu hakuwa na la kunikataza. Kazi yake ilikuwa inafanyika.

Shamba linaonekana kutoka barabara kuu. Wanawake waliokuwa wanakwenda sokoni walisimama. Mwalimu wa kike, na gauni la shule, anapalilia shamba la mkuu wake, na watoto wamesimama pembeni. Mmoja akauliza kwa sauti kuna nini. Nikamjibu kwa sauti. Nilieleza ni shamba la nani, na ni watoto wa nani, na tangu lini.

Atupele akaja. Alikuwa ameuokota ufito wangu uwanjani, akauegemeza kwenye uzio taratibu kama mgonjwa. Kisha, yeye anayeogopa hata sauti ya kengele, akachukua jembe la pili na kusimama tuta la jirani. Mwalimu Mkuu aliondoka kabla ya adhuhuri. Alitembea polepole ili asionekane anaondoka.

Mgongo wote unauma. Leo nimemlimia bure mtu ninayemchukia. Najisikia nimeshinda, na siwezi kueleza vizuri kwa nini.

Ijumaa, 17 Desemba

Watoto walikuja kwa zamu. Mama yake Tusekile akaja pia, mtoto mwingine mgongoni. Hakutukana. Aliingia shambani, akamshika binti yake mkono, akamwambia Mwalimu Mkuu kwamba mtoto huyu ana mama na mama ana shamba. Akaondoka. Baada yake wakaja wazazi wengine, kimya kimya, kila mtu na wake. Mpaka jua linakwenda kichwani, shamba lilikuwa tupu.

Mimi sikufanya lolote leo. Nilikuwa barazani natia grisi mpya kwenye rili.

Jumamosi, 18 Desemba

Mlinzi ametumwa kwangu akiwa na kufuli. Nyumba yangu inahitajika kwa mwalimu mpya, nitoke leo. Hakuna mwalimu mpya. Mlinzi mwenyewe aliona aibu, akanisaidia kubeba kitanda. Mvua imetukuta njiani. Godoro limelowa, vitabu vimelowa. Cherehani tumeifunika kwa shuka.

Atupele amenipa chumba cha mbele. Amesema Mwalimu Mkuu amemtisha na yeye kwa uhamisho. Nikamwuliza amejibu nini. Akasema amemwuliza Lindi kuna nafasi ngapi.

Tumecheka mpaka tumeshika mbavu. Kisha akalia kweli. Ana watoto watatu na mume mgonjwa, hawezi kwenda popote. Nimemshika mkono. Nachukia kwamba ushujaa wangu ni rahisi kuliko wake.

Jumatatu, 20 Desemba

Mwalimu Mkuu hakufanywa lolote. Hakuna aliyekuja kutoka mkoani. Ofisi ni yake bado, na kiti ni chake. Lakini leo nimemwona shambani kwake peke yake, suruali imekunjwa, ameshika jembe. Analishika vibaya. Nilipita barabarani na kikapu changu. Tulitazamana. Sikumsalimu wala sikucheka. Nilikuwa nimejiandalia la kumwambia, nikaona halina haja.

Bwana Hashimu amekuja kuniaga. Amenipa jina la mama mmoja mwenye nyumba, karibu na ufuko, na machubwi mawili ya risasi aliyoyahifadhi tangu ujana. Aliishika rili muda mrefu. Akasema ndiyo yenyewe.

Jumatano, 22 Desemba. Njiani.

Mama alikuja Mafinga kunisubiri basi linapopita. Amenipa viazi vya kuchemsha na blanketi. Nikamwambia Lindi blanketi la nini. Akasema nichukue. Basi halikusimama sana. Nilimwona anapungia upande usio wangu, hakujua nimekaa dirisha gani.

Ruaha Mbuyuni nimevua sweta. Joto la kwanza. Wauzaji wa vitunguu walizunguka basi, mmoja akauliza ule mwanzi juu ni wa nini. Nikamwambia wa kuvulia samaki baharini. Hakucheka. Aliuliza tu kama samaki wa huko ni wakubwa. Nikasema sijui, nakwenda kuona.

Nimelia kidogo baada ya Iringa. Naandika na hilo.

Jumapili, 2 Januari 1977. Lindi.

Bahari ni kubwa na haina ukingo wa pili. Sina zaidi la kusema juu yake kwa sasa.

Mama mwenye nyumba anaitwa Bi Somoe. Ni mjane, mcheshi, ananusa ugoro. Jana alinionyesha mahali ambapo mchanga unateremka ghafla na maji yana kina karibu. Leo alasiri, maji yakijaa, nilikwenda. Chubwi la kwanza likaangukia kwenye povu. Wimbi likanilowanisha mpaka kiunoni, nikameza chumvi. La pili likavuka. Nilidaka mshipi kwa kidole, nikauweka mahali pake, nikasubiri. Mshipi ulikuwa unavuta na kulegea kwa mawimbi, na sikujua lipi ni wimbi na lipi ni samaki. Wanaume wawili walipita, wakasimama, wakaendelea na safari yao.

Chambo kililiwa mara nyingi. Bi Somoe alishuka kuniangalia, akakaa mchangani miguu ameinyoosha. Hakuniuliza kwa nini navua. Aliniuliza kwetu mvua inanyesha miezi gani, na kama ni kweli kuna asubuhi mtu anaona pumzi yake mwenyewe. Nikamweleza. Alitaka kila kitu, baridi, umande, majani ya chai yanavyochumwa. Katikati ya maelezo mkono ukavutwa, na haikuwa wimbi.

Samaki, changu mmoja, si mkubwa. Bi Somoe amemchoma kwa ndimu. Kuanzia asubuhi mpaka hapa nilipofika kuandika sikuwa nimemkumbuka Mwalimu Mkuu hata kidogo.

Kesho nakwenda kuiona shule. Madirisha yote ya nyumba yako wazi, na upepo unaingia. Samaki alikuwa na miiba mingi. Tumemla wote.